Sindano Kumi na Mkate wa Kuonja

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeoka mara moja tu, kisha nikampeleka Cherehani kliniki ya macho. Benchi la chuma, tangu saa mbili mpaka saa saba. Makalio yamekufa ganzi. Mbele yetu mtu mzima anakula karanga na kutupa maganda sakafuni. Hospitalini! Nilimtazama mpaka akayaokota moja moja.

Daktari ni kijana, kucha safi, hamtazami mtu usoni — na kazi yake ni macho. Kasema mtoto wa jicho amekomaa. La kushoto linaona mwanga tu, la kulia linamfuata mwenzake. Upasuaji hauzidi nusu saa. Lakini sukari ya Cherehani ni kumi na sita, na kwa sukari hiyo yeye hamgusi mtu jicho. Kampa Ijumaa, tarehe 4 Aprili. Wakipima siku hiyo wakakuta chini ya kumi, anaingia. Wakikuta juu, nafasi anapewa mwingine na yeye anarudi mwisho wa foleni. Foleni ni miezi minane.

Cherehani kauliza, "Miezi minane, mwanangu, kwa mtu anayeshona?"

Daktari kajibu ni miezi minane kwa kila mtu. Hakuelewa swali. Mimi nililielewa.

Jumanne, 4 Machi

Daftari hili lilikuwa la oda za mikate. Sasa litabeba na haya, maana sina pa kuyasema.

Cherehani tumepakana ukuta mmoja miaka thelathini na moja. Upande huu ua wangu na tanuri. Upande ule chumba chake cha kushonea. Katikati dirisha dogo, upana wa kichwa cha mtoto. Anaitwa Cherehani kwa sababu anashona na kwa sababu mdomo wake nao ukianza hausimami. Mimi ananiita Tanuri. Anajua kwa nini.

Kila asubuhi ananipitishia kimto chake cha pini dirishani na sindano kumi. Nazitunga uzi zote kumi, namrudishia. Ya mashine naingia kuitunga mwenyewe. Wateja wake hawajui. Wakijua haoni, nani atamletea kitambaa cha harusi akate?

Na mimi — ulimi wangu umekufa kwa chumvi. Tangu homa ile ya miaka mitatu iliyopita. Sukari naisikia, uchachu nausikia, uchungu nausikia. Chumvi, kama natafuna karatasi. Mwokaji asiyesikia chumvi! Naona aibu hata kuandika. Kwa hiyo kila donge ninalokanda, natangulia kuoka kamkate kadogo ka kiganja, nakapitisha dirishani. Cherehani anatafuna, anasema, "Ongeza," au, "Umezidisha, Tanuri, una hasira na nani leo?" Ndipo naoka mikate mingine. Madonge matatu kwa siku, vimkate vitatu. Hakuna mwingine ajuaye. Hata mjukuu ninayeishi naye hajui.

Sasa daktari anasema sukari ishuke. Na sukari, naambiwa, inatoka kwenye mkate.

Jumatano, 5 Machi

Mjukuu katusomea kwenye simu yake. Tulikaa chumbani kwa Cherehani, vipande vya vitambaa mpaka magotini. Kumbe kupunguza wanga siku hizi ni elimu nzima, na kila mwalimu anamtukana mwenzake.

Iko ya keto. Hiyo wanga karibu hakuna, mafuta ndiyo chakula. Iko ya nyama tupu: nyama, mayai, maji, basi, hata kitunguu ni dhambi. Iko ya watu wa mapangoni, eti ule walichokula watu kabla ya kulima: hakuna nafaka, hakuna maharage, hakuna maziwa, lakini matunda na viazi vitamu ruksa. Iko ya hatua hatua: unaanza umefungwa mdomo kabisa, kisha unafunguliwa kidogo kidogo kama mfungwa mwenye adabu. Na iko ya kupunguza tu, isiyo na jina. Hiyo ya mwisho mjukuu kaisoma haraka, kwa sababu haina picha nzuri.

Cherehani kauliza, "Ipi inafanya kazi?"

Mjukuu kasema zote wanasema zinafanya kazi, ukisoma maoni chini.

"Maoni ya nani?"

"Ya watu, bibi."

"Watu wana majina?"

Mjukuu kainama kuyatafuta kwenye simu. Nami nikamnong'oneza Cherehani, mjukuu asisikie: miaka mitatu yeye ananionjea mkate. Sasa mimi nitamwonjea hizi daieti zao. Siku moja moja. Itakayonishinda kumeza, hiyo hatuitaki. Cherehani kacheka mpaka akatafuta ukuta wa kushikilia.

Alhamisi, 6 Machi

Keto. Asubuhi mjukuu kaniletea kahawa yenye kipande cha siagi ndani. Inaelea. Macho ya mafuta yananitazama kutoka kikombeni. Nilikunywa. Ilipita kooni kama maji ya kuoshea sufuria. Saa nne mayai manne kwenye mafuta, na parachichi. Mchana kuku na ngozi yake, na mafuta yake, na mafuta mengine juu yake. Mikono yangu inanuka kama gereji.

Kufika jioni kichwa kinagonga na nimemfokea mteja anayenunua kwangu miaka kumi na tano sasa kwa sababu kaniuliza habari za leo. Mjukuu kasema ni kawaida siku za mwanzo, mwili unabadilisha mafuta. Nikamwambia mimi si lori.

Ijumaa, 7 Machi

Nyama tupu. Kwa hii tunaye mtaalamu, kinyozi wa mtaa wa nyuma. Mwezi wa tano huu anakula nyama peke yake na kila anayekaa kwenye kiti chake lazima asikie, maana wembe uko shingoni, utakwenda wapi. Nilimfuata. Kanieleza kwamba mboga ni sumu, mkate ni gundi, na yeye hajawahi kujisikia hivi. Alisema yote hayo karibu na uso wangu. Pumzi yake! Kama mtu kaacha bucha wazi akasafiri. Nilirudi nyuma mpaka nikagonga kioo.

"Na choo je?" nikamuuliza.

Wateja wawili wakacheka. Yeye akasema hilo ni swali la faragha.

"Basi nimeshapata jibu, baba."

Nilikula nyama asubuhi, nyama mchana. Jioni nilipoiona sahani nikaifunika kwa kitambaa kama maiti. Imenishinda.

Jumamosi, 8 Machi

Ya watu wa mapangoni. Si mbaya, nitasema kweli. Samaki, mboga, viazi vitamu, machungwa. Lakini Cherehani kakumbusha kwamba viazi vitamu na machungwa vyote ni sukari kwa mwenye sukari. Na mjukuu kaweka kwenye bakuli zile mbegu nyeusi ndogo, zikavimba usiku kucha kwenye maji ya nazi. Zikaota ute. Nimeona mayai ya chura maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri nitapewa kijiko.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechoka na simu. Nimempeleka Cherehani zahanati, kwa muuguzi wa sukari. Mwanamke mnene kuliko sisi wawili, na mkali. Nilimpenda.

Kwanza kagomba: mgonjwa anayemeza dawa za sukari habadilishi chakula bila kusema. Kati ya vidonge vya Cherehani kimoja kinashusha sukari hata kama hujala. Ukikata wanga ghafla na kidonge kikabaki kilekile, unaweza kuanguka. Kakipunguza. Katufundisha: akitetemeka, akitoka jasho baridi, akianza kuropoka, apewe sukari mara moja.

"Huyu kuropoka ndiko kuongea kwake," nikamwambia.

"Basi tazama jasho, bibi."

Nikamtajia zote, keto na nyama na mapango. Kasema zote zinafanana kwenye jambo moja: zinaondoa wanga na sukari. Zinachogombania ni kiasi gani, na uweke nini mahali pake. Iliyo kali zaidi inashusha upesi na inaachwa upesi. Kwake nzuri ni ile ambayo mgonjwa ataiweza kesho na keshokutwa: nusu sahani mboga, robo samaki au nyama au maharage, wanga kidogo sana, mafuta ya kiasi. Ile isiyo na jina! Tumezunguka wiki nzima.

Kisha kasema, bila kunitazama, "Na mkate mweupe, bibi, huo umwage kabisa."

Umwage. Kazi ya mikono yangu. Nilikaa na neno hilo njia nzima.

Sukari leo kumi na tano.

Jumanne, 11 Machi

Tumeanza. Nimemwambia anachokula yeye nami nakula, ili asinionee gere. Mchana: koliflawa, ile kama kabichi nyeupe, iliyosagwa ikajifanya wali. Rangi ya wali, umbo la wali, harufu ya soksi iliyolowa. Nikamwambia chakula kinachodanganya jina lake hakifai kuaminiwa. Yeye akala akasema ukifumba macho inapita. Mwenzangu, ana haja gani ya kufumba.

Likabaki suala la mkate. Bila yeye kuonja mimi nitaokaje? Nikasema basi, nitapima chumvi kwa kijiko kama wanavyofanya wengine. Akasema kijiko chako kiko mkononi na mkono wako una hasira, siku utaweka kimoja siku vitatu. Ni kweli. Sijapima kwa kijiko tangu nianze.

Akasema, "Nitatafuna, niteme. Ulimi si tumbo."

"Utatema wapi?"

"Kwenye kopo. Nina kopo la maziwa hapa."

Mate na mkate uliotafunwa, kwenye kopo, pembeni ya kitambaa cha mtu! Lakini nilikubali. Nikamwambia kopo hilo mimi sitaki kuliona. Alifunike, alimwage mwenyewe. Leo mara tatu nimepitisha kamkate, nimegeuza uso, nimesikia ananyamaza, kisha "puu!" Kisha, "Ongeza kidogo." Nywele zinanisimama.

Ijumaa, 14 Machi

Kumi na mbili! Kumi na mbili, kutoka kumi na tano. Muuguzi katabasamu, sikujua ana meno. Cherehani njia nzima anaimba. Nikamwambia anyamaze, watu watadhani tumepata urithi.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya tisa mboga na mayai. Tumbo langu linaongea peke yake kama mwendawazimu. Mimi niliyesema nakula anachokula — mdomo huu siku moja nitaushona.

Mjukuu kanishauri nioke mkate usio na ngano. Unga wa lozi, mayai sita, siagi. Nimeoka tangu kabla mama yake hajazaliwa, sijawahi kukanda kitu kisichokandika. Ni tope. Hauvutiki, hauumuki, unakaa tu unakutazama. Ukatoka tanurini kama sabuni ya kipande. Ladha ya yai lililolala kwenye kabati. Cherehani alikula kipande akasema asante. Yeye huwa hasemi asante, husema anachofikiri. Kwa hiyo nikajua.

Uliobaki niliuweka juu ya ukuta. Kunguru aliudonoa mara moja akaenda kufuta mdomo kwenye tawi.

Ijumaa, 21 Machi

Kumi na mbili na nusu. Imepanda.

Muuguzi kauliza kama kuna anachokula cha pembeni. Cherehani kasema hapana. Nami nikamtetea kama wakili. Nikasema huyu nakula naye sahani moja, namwona, mchana na jioni. Muuguzi katazama karatasi, katazama mimi, kasema sukari haitokei hewani, bibi.

Njia ya kurudi nilimtuhumu kila mtu. Mafuta ya kupikia. Mjukuu na maji yake ya nazi. Kinyozi, kwamba labda anamtumia nyama yenye mchuzi wa sukari. Cherehani alitembea kimya, mkono wake begani kwangu. Cherehani, kimya! Ningejua hapohapo kama ningekuwa na akili.

Zimebaki wiki mbili.

Jumamosi, 22 Machi

Nimejifungia ndani ndipo naandika haya.

Cherehani kaenda kumpima vipimo bibi harusi, mjukuu kamshika mkono. Niliingia kwake kutunga sindano ya mashine. Nikaliona lile kopo, juu ya meza, na kifuniko chake. Nikasema leo nitajikaza kisabuni nimmwagie, maana mwenyewe haoni kama limejaa. Nikashika kitambaa puani. Nikalifungua huku nimefumba jicho moja.

Vifungo.

Limejaa vifungo mpaka juu. Vya shati, vya koti, vya lulu za uongo. Vikavu. Vina vumbi. Kopo halijawahi kuona mate tangu litoke dukani.

Nilikaa kwenye kiti chake. Siku kumi na mbili. Mara tatu kwa siku "puu!" na mimi nageuza uso kwa kinyaa, najisifu kwamba navumilia. Kumbe anameza. Vimkate vitatu, vya moto, vyeupe vya ngano, kila siku ya Mungu. Na anayempa ni mimi.

Aliporudi nikamwekea kopo mikononi. Akalitikisa. Likalia.

"Aa," akasema. "Umefungua."

Nikamuuliza kama ana wazimu. Kama anataka upofu. Nilisema mengi, siyaandiki.

Alisubiri nimalize. Kisha: "Siku nzima unanilisha majani kama sungura, Tanuri. Halafu unanipitishia mkate wa moto mara tatu, unasema niteme. Mwenye wazimu ni nani kati yetu?"

"Ungeniambia huwezi!"

"Ningekuambia, ungeacha kuleta. Nani angekuonjea?"

Akaongeza kwamba siku ya kwanza alijaribu. Alitema kweli, kiganjani. Akaugusa kwa kidole, akaona kama kanitemea mimi usoni. Akaulamba tena.

Nimechefuka na mengi mwezi huu. Siagi kwenye kahawa, ute, pumzi ya kinyozi. Kinyaa nilichonacho leo ni kwangu mwenyewe. Mwanamke mzima naogopa kutazama kopo!

Jumapili, 23 Machi

Nimepigilia ubao kwenye dirisha. Misumari minne. Sindano nitazifuata mlangoni kwake.

Cherehani kauliza nani atanionjea. Nimesema ulimi umerudi.

"Lini?"

"Jana."

"Ulimi umerudi Jumamosi," akasema, "kama mtumishi aliyepewa likizo."

Jumatano, 26 Machi

Mwenye duka anayeniuzia mikate karudisha trei mbili. Aibu. Kaziweka mlangoni kwangu mchana kweupe, watu wanapita. Kasema wateja wanauliza kama siku hizi natumia maji ya bahari. Hakugomba, angalau angegomba. Kaniuliza kwa upole kama sijambo, kama nimefikiria kupumzika, umri nao. Upole wa namna hiyo unanitia kichefuchefu kuliko koliflawa.

Nilipima kwa kijiko! Nadhani nilipima mara mbili.

Nimewapa kuku. Mbwa wa kinyozi kapita, kanusa mmoja, kainua mguu. Sitaki kuandika zaidi.

Ijumaa, 28 Machi

Kumi na nukta nne. Imeshuka! Siku tano bila mkate, na imeshuka hivyo. Muuguzi kasema iendelee hivihivi, asiongeze ukali, asijinyime mlo, asije akaanguka siku ya siku. Kumi na nukta nne bado si chini ya kumi.

Cherehani kakonda usoni. Anatembea akinusa ukuta wa tanuri langu. Leo nimemkuta kaegemea ule ubao, pua kwenye upenyo. Nikapiga ubao kwa mwiko kutoka upande huu. Akaruka.

"Kunusa nako kunapandisha?" akalia.

"Sijui. Ondoka."

Jumatatu, 31 Machi

Jana nilimjaribu mjukuu. Nikampa kamkate, nikamwambia sema kuhusu chumvi. Katafuna huku anatazama simu. Kasema poa.

"Poa ndiyo nini? Imezidi au imepungua?"

"Ni sawa tu, bibi. Ni mkate."

Ni mkate! Damu yangu mwenyewe.

Leo nimefanya jambo ambalo mwezi uliopita ningemtemea mtu aliyelitaja. Nimemfuata kinyozi. Nilisubiri kiti kiwe kitupu, nikafunga mlango, nikaweka kamkate juu ya meza ya wembe. Nikamwambia yote. Homa, ulimi, kila kitu. Mdomo huyu, ambaye habari ikiingia kwenye kiti chake jioni iko mtaa wa tatu! Lakini mtu anayeshinda na nyama na chumvi miezi mitano, nikasema, huyo chumvi ataijua hata gizani.

Kautazama mkate. Kasema yeye hali gundi.

"Tafuna uteme," nikamwambia. Maneno yaliniuma yakitoka.

Akauweka mdomoni. Akafumba macho. Nikasubiri. Koo lake likapanda, likashuka. Sikusikia "puu".

"Imepungua," akasema. "Kidogo sana. Kama nusu kijiko cha chai." Halafu akauchukua uliobaki, akala, na makombo akayaokota kwa kidole kilicholowa mate. Mezani penye nywele za watu! Niligeuza uso. Kisha nikaugeuza tena nikatazama, maana nimejifunza.

Tumekubaliana. Yeye hasemi ya ulimi wangu, mimi sisemi kwamba mtu wa nyama tupu kala mkate akitokwa na machozi. Niliongeza nusu kijiko. Mwenye duka kachukua yote bila neno.

Alhamisi, 3 Aprili

Kinyozi kaja mwenyewe mlangoni asubuhi, mkono mbele, kabla sijamwita. Pumzi imeanza kuwa ya mtu.

Cherehani kamsikia sauti ukutani. Kapiga ubao: "Tanuri! Umempa nani?"

Nikamwambia.

Akagonga tena. Kisha, "Yule anayenuka?" Kisha, chini chini, "Anasemaje? Anajua kusema?"

"Anasema imepungua au imezidi. Hana maneno kama yako."

"Vizuri," akasema. Lakini haikuwa sauti ya vizuri.

Kesho.

Ijumaa, 4 Aprili

Naandika kwenye benchi lilelile la chuma. Cherehani wamemwita saa tatu na robo kupima. Kama iko chini, wanamwingiza moja kwa moja chumba cha upasuaji. Kama iko juu, anatoka kwa mlango huu huu.

Asubuhi alinipa kimto chake na sindano kumi, kama desturi. Nimetunga tisa. Ya kumi nimeiacha na uzi wake pembeni. Akapapasa, akahesabu kwa kidole gumba, akafika kwenye ile.

"Hii umeisahau."

"Sijaisahau."

Akaichomeka kwenye kola yake, uzi akautia mfukoni. Gauni kavaa lile la kijani alilojishonea wakati akiona. Pindo limefumuka upande. Nimeliona tayari tumefika, naona haya kwa niaba yake.

Kwenye mkoba wangu nina kimkate cha asubuhi. Kinyozi kaonja kingine cha donge hilo, kasema kiko sawasawa. Hiki sijui nimekibeba cha nini. Muuguzi akikiona atanipiga. Joto lake linapita kwenye mkoba mpaka pajani. Aliyekaa pembeni yangu ananusa, anajifanya anatazama tangazo la ukutani.

Saa nne kasoro. Mlango umefunguka mara mbili, si yeye. Mara ya kwanza alitoka mzee na bandeji, mara ya pili mfagiaji na ndoo, maji yake ya kijivu, tambara linanuka. Nilinyanyua miguu.

Tangazo la ukutani lina picha ya sahani. Nusu mboga. Sasa naijua kwa moyo, laana yake.

Kitasa kinazunguka. Polepole, kama mtu anayekitafuta kwa mkono. Nimeona kijani. Pindo kwanza, lile lililofumuka, lakini nyuma yake kuna mtu wa koti jeupe kamshika kiwiko, na sioni wanakogeukia, kule kwenye chumba cha upasuaji au huku kwenye benchi —